Mtu wa Ziada Alikuwa Wapi?

Kila Taifa Stars inapotangulia kufunga kisha ikasawazishiwa, kijiwe chetu cha kahawa hapa Temeke kinarudi San-Pédro. Mtu mmoja anataja tu "dakika ya 88", na mjadala unawaka kama vile mechi imechezwa jana usiku. Muuza kahawa mwenyewe anaweka birika chini aseme la kwake.

Kwa asiyekumbuka, ilikuwa Jumapili, Januari 21, 2024, fainali za Mataifa ya Afrika kule San-Pédro, Ivory Coast, Kundi F, Stars na Zambia. Kwetu ilikuwa saa 2 usiku. Dakika ya 11 Mbwana Samatta akampa pasi Simon Msuva, Msuva akafunga. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi ya pili ya njano, akatoka nje. Tukaenda mapumziko tunaongoza 1-0, wenzetu wamebaki 10. Hadi usiku ule Tanzania ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya fainali hizo, si Nigeria mwaka 1980, si Misri mwaka 2019. Mapumziko yale watu walikuwa wanapigiana simu. Mimi nilimpigia baba yangu, ambaye mwaka 1980 aliifuata timu kwa redio.

Kisha dakika ya 88 Clatous Chama, wakati ule bado kipenzi cha Simba pale Msimbazi, akapiga kona, Patson Daka akapanda hewani na kuutia wavuni kwa kichwa. 1-1, na mpira ukaisha hivyo.

Hesabu ya kundi ndiyo inayouma hadi leo. Siku tatu baadaye tulitoka 0-0 na DR Congo kule Korhogo, tukamaliza na pointi 2, mkiani mwa kundi. DR Congo walivuka wakiwa na pointi 3 tu, sare tatu, na wakaenda mpaka nusu fainali. Zile pointi 2 zilizoondoka na kichwa cha Daka zingetufikisha pointi 4. Najua mechi ya mwisho ingeweza kuchezwa tofauti kama tungeshinda ile ya Zambia, maana timu ikijua inahitaji nini inabadilika. Lakini mtu akikaa na jedwali lile mbele yake, hawezi kuacha kujumlisha.

Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 17, na ukocha nimeusomea darasani kabla ya kuusomea uwanjani. Kijiweni wananiita mwalimu, na kwa sababu hiyo kila mjadala ukikwama wananigeukia nitoe hukumu. Kwa mechi hii sikutoa hukumu. Nilichotoa ni maelezo, na naandika hapa kwa sababu maelezo yale yalichukua jioni mbili na bado nadhani sikuyamaliza.

Nianze na waliyoyasema wao, kwa kuwa mashabiki wetu wanadharauliwa kupita kiasi. Anayeangalia mpira miaka 30 ameona mechi nyingi kuliko makocha wengi vijana, mimi nikiwemo. Tatizo lake mara nyingi liko kwenye jina analolipa kitu alichokiona. Kile alichokiona huwa ni cha kweli.

Kundi la kwanza lilisema tulirudi nyuma. "Kocha alipaki basi, unapakije basi na wenzako wako kumi?" Kundi la pili likasema kinyume, kwamba kocha alichelewa kuongeza beki, kwamba dakika ya 75 ilitakiwa watu watano nyuma na mlango ufungwe. La tatu halikutaka habari za mfumo. Hao waliuliza swali moja tu, nani alikuwa anamkaba Daka, mshambuliaji aliyekuwa Leicester City wakati ule, mtu ambaye kila mmoja uwanjani alijua ndiye atakayetafutwa. Na kulikuwa na wale wa bahati, wanaosema timu yetu ina mkosi. Hao wa mkosi sina la kuwajibu, ingawa nawaelewa. Mwaka 2019 kule Cairo tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, Msuva dakika ya 6 na Samatta dakika ya 40, tukafungwa 3-2, Olunga akimaliza kazi dakika ya 80. Mtu aliyeziona mechi zote mbili ana haki ya kuhisi kuna mkono.

Aliyenisimamisha ni mzee mmoja ambaye huwa hasemi sana. Anacheza drafti, anasikiliza. Usiku ule watu walipokuwa wanagombana juu ya basi na mabeki watano, aliinua uso akaniuliza taratibu: "Mwalimu, wao walikuwa kumi, sisi kumi na moja. Huyo mmoja wetu aliyezidi alikuwa wapi? Mimi sikumuona."

Nimefundishwa mpira na watu wenye vyeti vikubwa, na sikumbuki kuulizwa swali zuri kuliko hilo.

Nikamwomba ubao wake wa drafti. Vizibo vya soda vilikuwepo tayari, vya kulala kifudifudi na vya kulala chali. Nikapanga vya kifudifudi kuwa sisi, vya chali kuwa Zambia. Makipa tukawaweka pembeni, hawaingii kwenye hesabu hii. Timu iliyopoteza mtu mmoja, ikitaka kuishi, mara nyingi inajipanga mabeki wanne, viungo wanne mbele yao, na mtu mmoja peke yake juu. Kwa hiyo vizibo tisa, vinne, vinne, kimoja. Sisi tukapanga mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu.

Sasa hesabu kwa maeneo. Mbele, washambuliaji wetu watatu wanakutana na mabeki wao wanne, hapo wao wamezidi mmoja. Pembeni, mabeki wetu wa pembeni wawili na viungo wao wa pembeni wawili, sawa kwa sawa. Katikati, sisi watatu, wao wawili. Nyuma kabisa, mabeki wetu wawili wa kati wanamlinda mtu mmoja.

Mzee akaviangalia vizibo kwa muda, akaweka kidole juu ya mmoja wa mabeki wetu wa kati. "Huyu hapa."

Ndiye huyo. Kadi nyekundu ya mpinzani haikupi mshambuliaji wa ziada. Inakupa beki wa kati asiye na mtu wa kumkaba, mita 50 kutoka goli unalotaka kufunga. Shabiki anatazama mbele, anatarajia kuona upenyo kwenye boksi la Zambia, na kwenye boksi lile wao bado wamezidi. Anachanganyikiwa, anasema timu yetu haijui kutumia nafasi. Faida ipo, ila imekaa mahali ambapo hakuna anayeitazama.

Na haisogei yenyewe, hapo ndipo kazi ilipo. Yule beki akiupata mpira akampasia mwenzake wa kando, mwenzake akarudisha, vizibo vya Zambia vinasogea hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia, basi. Hawachoki. Umbali kati ya mabeki wao na viungo wao unabaki mita 10 au 12, huwezi kupenyeza kitu. Tutaonekana tunamiliki mpira, na mtangazaji atasema tunamiliki mpira, huku mtu wetu wa ziada akiwa amesimama bila faida kwa mtu yeyote.

Nikakichukua kizibo cha beki, nikakisukuma mbele. Beki mwenye mpira mguuni anatembea nao, anavuka mstari wa katikati, mita 10, mita 15, hakuna aliye karibu naye. Zambia sasa wana maswali mawili na yote mabaya. Wakimwacha, anafika karibu na boksi anapiga. Kiungo mmoja wao akitoka kumfuata, aliyekuwa anakabwa na kiungo huyo amebaki huru, tena amebaki huru katikati ya uwanja, akiwa ameelekea goli. Mtu wa ziada amehama. Alikuwa beki mita 50 nyuma, sasa ni kiungo mita 25 kutoka goli, na kilichomhamisha ni miguu ya beki aliyethubutu kutembea.

Vijana pale kijiweni walinyamaza kidogo. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mechi nzima tulitakiwa kumtazama beki?" Nikamwambia ndiyo, kwa dakika zile 45 za pili, ndiyo.

Hapa nalazimika kuwatetea wachezaji, maana kusukuma kizibo ni rahisi. Jumatano kabla ya mechi ile, kwenye uwanja uleule wa San-Pédro, Morocco walikuwa wametufunga 3-0. Katika mechi hiyo tulikuwa sisi tuliobaki 10, baada ya Novatus Miroshi kutolewa dakika ya 70, na ndani ya dakika chache zilizofuata tukafungwa mawili. Kati ya mechi hizo mbili kocha mkuu, Adel Amrouche, alifungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kusimamishwa na TFF, shirikisho letu, timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman "Morocco" akisaidiwa na Juma Mgunda. Siku nne tu. Novatus mwenyewe hakuweza kucheza kwa sababu ya ile kadi. Sasa mwambie beki wa kati wa timu hiyo, anayelinda ushindi wa kwanza wa taifa lake katika fainali hizi, abebe mpira avuke nao katikati ya uwanja huku Daka amesimama nyuma yake akisubiri kosa. Mwili unakataa. Akili inajua, mwili unakataa. Kocha aliyekabidhiwa timu kwa siku chache hawezi kuujenga ujasiri huo kwa maneno ya chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu ujasiri huo ni mazoea, unajengwa kwa miezi.

Nalijua hilo kutoka kwa vijana wangu. Tuna zoezi tunalofanya kwenye uwanja wetu wa mchanga, nusu uwanja, watu wanane dhidi ya saba. Wanane wanapewa uongozi wa 1-0 na dakika 12 za kuulinda. Nilipolianzisha nilidhani wanane watashinda karibu kila mara. Mara nyingi zaidi, wale saba walisawazisha. Na kila mara njia ilikuwa ileile. Wanane walianza vizuri, wakapiga pasi za kando kwa dakika tatu nne, kisha mmoja akaogopa akabutua. Mpira uliobutuliwa unamfikia mpinzani, na mpinzani anarudi nao. Wanane wanasogea nyuma hatua kumi ili kuukabili. Wanaupata, wanabutua tena kutoka hapo, safari hii umbali wa kurudi ni mfupi zaidi. Hakuna aliyewaambia warudi nyuma. Mimi ndiye kocha wao na nilikuwa pembeni napiga kelele wapande.

Ndiyo maana lile la "kocha alipaki basi" silikubali haraka, kwa mechi ile na kwa nyingine nyingi. Timu inayopaki basi kwa amri ina dalili zake: mistari imekaa sawasawa, umbali ni uleule, kila mtu anajua zamu yake, na mpira ukipatikana kuna mtu mmoja au wawili waliopangwa kuukimbilia. Timu inayorudi nyuma kwa kukosa pa kuupeleka mpira inafanana nayo ukiwa mbali, ila ndani imevurugika. Mabeki wameshuka, viungo wamechelewa kushuka, mshambuliaji amebaki kule peke yake akiinua mikono. Shabiki anaona watu wengi nyuma katika hali zote mbili na anatumia neno moja. Tiba ni tofauti kabisa. Ya kwanza unamlaumu kocha kwa uamuzi. Ya pili unatafuta nani angeweza kuushika mpira kwa sekunde nne juu, akapigwa kiatu, akapata faulo, wenzake wakapumua wakasogea.

Nikaliongezea zoezi sharti moja. Wanane hawaruhusiwi kupeleka pasi mbele mpaka mmoja wa mabeki wa kati awe amevuka koni za katikati na mpira mguuni. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Beki wangu wa kati, kijana wa miaka 16, mrefu, mpole, alifika kwenye koni akasimama kama mtu aliyefika ukingo wa mto. Akageuka akaniangalia: "Mwalimu, nikienda mimi, nani atabaki?"

Hilo ndilo swali la mabeki wote duniani, na lina jibu. Namba 6, yaani kiungo mkabaji, anabaki. Beki akianza kutembea, namba 6 anateleza kushuka mahali pake kabla beki hajafika kwenye koni. Asingoje afike. Beki wa pembeni wa upande ule hapandi, anakaza ndani. Kwa hiyo hata mpira ukipokonywa, nyuma bado kuna watu watatu dhidi ya mshambuliaji mmoja. Kijana akishalijua hilo kwa mwili wake, akigeuka mara kumi na mara kumi amkute namba 6 yupo, mara ya kumi na moja hageuki. Ilituchukua karibu muhula mzima. Sasa wale saba ndio wanaomaliza dakika 12 wameinama, mikono magotini.

Nimekaa sana kwenye hili na nimeacha kona, ambayo ndiyo iliyotuua. Nimeiacha makusudi, kwa sababu kona ile haikuanza dakika ya 88.

Fikiria uko benchi la Zambia. Umefungwa 1-0, uko pungufu, kocha wako Avram Grant anatazama saa. Katika mchezo wa wazi mtu wako mmoja anakosekana kila sekunde, kila mbio zako ni ndefu kuliko za wenzako. Kuna mahali pamoja tu uwanjani ambapo upungufu huo karibu unafutika, nao ni mpira uliokufa. Kona, faulo ya pembeni, hata kurusha kwa mkono karibu na boksi. Mpira umesimama, waliochoka wamepumua, warefu wamepanda kutoka nyuma. Ndani ya boksi wataingia sita au saba wa kwao, na sisi tutakuwa pale karibu wote. Kuzidi kwetu hapo hakuna maana kubwa, maana kichwa kinachopigwa ni kimoja na wanaokigombea ni wawili au watatu. Na mpigaji ni Chama, mtu ambaye mashabiki wa nchi hii wanaujua mguu wake kuliko wanavyowajua baadhi ya wachezaji wa Stars.

Kwa hiyo timu inayoongoza dhidi ya watu 10 ina kazi moja kubwa ya ulinzi, na kazi hiyo si kuokoa kona. Ni kuhakikisha kona hazipigwi. Kila mpira tulioubutua ulimkaribisha Zambia hatua moja. Kila hatua ilifanya pambano linalofuata liwe karibu zaidi na lango letu. Mapambano karibu na lango yanazaa faulo na kona, hakuna namna nyingine. Ukiruhusu kona nyingi za Chama na Daka, siku moja, mojawapo itaingia. Beki aliyeshindwa kuruka na Daka alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu, na sisi kijiweni tunamshika yeye kwa kuwa ndiye tuliyemuona.

Hata hivyo wale wa kundi la tatu sitawaacha mikono mitupu, swali lao ni halali. Kona inalindwa kwa njia kuu mbili, na timu nyingi zinachanganya. Mtu na mtu, kila beki ana wake, ubaya wake ni kwamba mshambuliaji mjanja anampitisha mkabaji wake kwenye kundi la watu kama mtu anayekwepa deni sokoni Kariakoo, akitokea upande wa pili yuko peke yake. Kukaba eneo, kila mtu ana kipande chake cha boksi na anaushambulia mpira ukija hapo. Ubaya wake ni kwamba unaruka ukiwa umesimama, mwenzako anaruka akitoka mbio, na anayeruka kwa mbio anafika juu zaidi. Timu nyingi za siku hizi zinaweka warefu wanne watano kwenye boksi dogo mbele ya lango, kisha watu wawili watatu kazi yao ni moja tu, kuwazuia wakimbiaji hatari wasichukue kasi. Hao wa kuzuia ndio ninaowatazama mimi. Hawahitaji kugusa mpira. Wakimchelewesha mtu kama Daka nusu hatua, mpira unapita juu ya kichwa chake.

Na dakika za lala salama zinaharibu mpango huo kwa jambo dogo: mabadiliko. Anayetoka alikuwa na kazi kwenye kona. Anayeingia ameambiwa na benchi acheze wapi, ila si mara zote ameambiwa amzuie nani. Vijana wangu waliwahi kufungwa bao la namna hiyo dakika ya mwisho, na kosa lilikuwa langu, nilimwingiza winga mfupi mahali pa kiungo mrefu bila kutaja neno moja kuhusu kona. Tangu siku hiyo nina karatasi. Kila anayeingia anaoneshwa jina la mtu wake kabla ya kuvua fulana ya mazoezi.

Hilo linanirudisha kwa wale waliotaka beki wa tano. Simpingi anayetaka kuongeza beki, ila namuuliza: anamtoa nani? Ukimtoa winga mwenye mbio, umewaambia mabeki wa pembeni wa Zambia kwamba sasa wanaweza kupanda wote, hakuna wa kuwaadhibu. Wapinzani 10 wanaanza kushambulia kama 11. Ulichokiongeza nyuma umekilipia mbele, na bei yake inaonekana dakika kumi baadaye. Ningekuwa na nafasi moja tu ya mabadiliko katika hali kama ile, ningeingiza mtu mwenye mbio, asiyechoka, wa kukaa pembeni kabisa karibu na mstari wa katikati, ili kila tukiupata mpira kuwe na mahali pa kuupeleka na kila beki wao afikirie mara mbili kabla ya kuondoka. Mwenzangu mmoja ambaye naye ni kocha haafiki. Anasema kwa wachezaji waliochoka unahitaji kiungo mtulivu wa kuushika mpira, mbio hazisaidii kama hakuna wa kutoa pasi. Tumebishana naye sana na ana hoja nzito. Mahali tunapokubaliana ni kwamba beki wa tano alikuwa chaguo la mwisho kati ya matatu.

Jioni ya pili ya mjadala ule mzee alinirudishia ubao wake mwenyewe na vizibo vimepangwa, vinne, vinne, kimoja. Alitaka kuona tena namba 6 anavyoshuka. Tukarudia mara tatu. Mara ya nne akasukuma yeye.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunaangalia mechi ya ligi kwenye runinga ya muuza chipsi jirani. Timu moja ikapewa kadi nyekundu mapema kipindi cha pili, na wenzao walikuwa wanaongoza kwa bao moja. Watu wakashangilia kwamba mechi imekwisha. Mzee hakushangilia. Alisogeza kiti karibu na runinga, na kwa dakika nyingi sikumuona akiufuata mpira, macho yake yalikuwa upande wa kushoto wa kioo, nyuma kabisa. Ilipofika kama dakika ya 70 akanigusa goti.

"Mwalimu," akasema, "huyu namba tano hajavuka mstari hata mara moja. Utaona."